Kumtafutia Mama Neema Maji Yanayotembea

Jamani majirani, mmenichosha. Nikishuka kutupa taka nasimamishwa, nikienda kufua kwenye mashine za chini nasimamishwa: Mama Salma, ilikuwaje huko Euless? Mmoja kasikia tulikamatwa na polisi. Mwingine kasikia bibi harusi alikimbizwa na dubu. Na yule wa ghorofa ya pili, simtaji jina anajijua, amekwisha tangaza kwamba harusi ilivunjika. Haikuvunjika. Kaeni niwaandikie mara moja, msome wote, kisha mniache nipumzike.

Kwa waliohamia juzi: Mama Neema alikuwa jirani yangu, ukuta wetu mmoja. Ni Mkongo wa Baraka, kule kando ya ziwa Tanganyika, akakaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ndipo akaletwa hapa kwetu Gulfton, Houston. Mimi ni wa Tanga, nauguza wazee majumbani kwao. Yeye ni mlokole, mimi Mwislamu, na kilichotuunganisha ni jiko na Kiswahili. Yeye husema Kiswahili changu ni cha redioni. Mimi humwambia chake kimevuka mpaka bila kukaguliwa.

Sasa huyu mama, mtu mzima, wajukuu anao, akapata mchumba. Papa Elia, mjane, anapakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege huko Euless, upande wa Dallas, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Harusi ikapangwa Jumapili, mwezi wa Agosti, mwaka huu wa 2019. Lakini Pasta Zakaria, mchungaji wao wa Euless, alikuwa na sharti lake: hafungishi ndoa mpaka bibi harusi abatizwe kwa kuzamishwa mwili mzima, maana utotoni alitiwa matone tu kwenye paji la uso. Ukumbi wanaoukodi kwa ibada una beseni kubwa la plastiki la kazi hiyo. Mama Neema akalikataa.

“Mimi nilivuka ziwa, risasi inalia nyuma,” aliniambia, “leo nibatizwe ndani ya beseni sawa majani ya sombe yenye kuoshwa? Nakatala. Tena mayi yenye kusimama inabakisha zambi pale pale, mwenye kuja nyuma anazikuta. Mayi yenye kutembea njo inabeba.”

Mama yake alibatizwa katika mto Mutambala, kule kwao, na bibi yake vilevile. Kwa hiyo ikakubaliwa: Jumamosi ubatizo kwenye kijito cha Euless, Jumapili ndoa. Ndugu wa Papa Elia walikwisha tua kutoka Iowa na Kentucky, Jumatatu wanarudi kazini. Karatasi za serikali zilikuwa tayari. Kilichobaki ni maji tu, na maji, nilijiambia mimi mjinga, ni kitu gani?

Gulfton: Wakongo hawaagi, wanaombea

Tulikubaliana kutoka alfajiri. Nilishasali, nimeshapakia, gari linanguruma. Mama Neema akasema ngoja kidogo niage. Mimi nilidhani kuaga ni kwaheri. Kumbe kila mlango aliougonga lazima uombe, na kila anayeomba anaanzia Mwanzo, anapitia Misri, anavuka bahari ya Shamu, ndipo afike Gulfton. Mlango wa tatu nilizima gari. Mlango wa tano nilishuka nikaenda kumvuta mkono.

“Mama Neema, Mungu ameshasikia! Tutakutana na foleni!”

“Mama Salma, foleni nayo tunaiombea.”

Tukapakia tena, maana alikuwa na vyake: sanduku la barafu lenye sombe, kile kisamvu chao, bugali, na ndagala, dagaa wao wa kukaanga, mfuko mzima wa mandazi, gauni la harusi ndani ya nailoni, na gauni jeupe la kubatiziwa. Jua likiwa limeshapanda juu ya maghorofa ndipo tukapinda kuingia barabara kuu. Foleni tuliikuta, salama kabisa, haijaguswa na maombi.

Barabara ya arobaini na tano: Sista ndani ya gauni jeupe

Mnajua barabara ile ya kwenda Dallas, ni mkeka tu, unanyooka mpaka usingizi unakuita kwa jina. Tulipopita Conroe kipoza hewa kikakohoa mara mbili kikakata roho. Agosti ya Texas, ndugu zangu! Tukafungua madirisha, upepo ukaingia wa moto kama mtu amefunua tanuri. Mama Neema akachukua kipande cha barafu sandukuni akajiwekea kichwani chini ya kilemba, akanipa na mimi changu. Tukaenda hivyo, maji yanatutiririka mashavuni, watu wa magari mengine wakidhani tunalia.

Karibu na Huntsville kuna sanamu nyeupe ya mtu, ndefu kupita miti, imesimama kando ya barabara na fimbo yake. Mama Neema akaikodolea.

“Huyu njo mungu wao?”

“Hapana, ni mkubwa wao wa zamani.”

“Kwa nini wamemuacha juani bila kofia?”

Nilicheka mpaka nikahama njia, lori likanipigia honi, nikatubu.

Mbele kidogo tukasimama kwenye kile kituo cha mafuta kikubwa kama soko, chenye vyoo visafi vya kumvutia mtu ahamie. Mama Neema akadhani tumefika hotelini kwa mtu, akaanza kumsalimia kila aliyempita kwa mkono. Akaniuliza kama tumekaribia. Nikamjibu tumekaribia, ile karibu ya Kitanga, ya kumpa mtu moyo. Basi akaingia chooni na mfuko wake. Alipotoka, Mtume! Amevaa gauni la ubatizo, jeupe, linaburuta, na kilemba cheupe. Watu wakampisha kama wanavyopisha gari la wagonjwa.

“Mama Neema, bado nusu ya safari!”

“Umesema tumekaribia.”

Tulipofika kulipia kahawa, binti wa kaunta alimtazama, akaweka mkono kifuani, akasema hapana, Sista, wewe hulipi, niombee tu mama yangu anaumwa. Nikataka kusahihisha. Mama Neema akanikanyaga mguu, akapokea kahawa, akasema “Merci,” kisha akamshika yule binti mikono yote miwili na kumwombea pale pale, kwa Kiswahili, foleni ikiwa nyuma yetu mpaka kwenye mafriji. Safari hii sikumvuta. Binti alikuwa analia kweli, na nyuma yetu hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Euless: mto uliokwenda likizo

Tulichelewa, simu zikapigwa, tukafika mchana jua limekaa utosini. Kijito kile kinaitwa Bear Creek, maana yake Kijito cha Dubu. Nitawaeleza kilivyo maana na mimi sikujua. Kinaanzia mbali upande wa kaskazini-magharibi, kwa matawi mawili: Dubu Mkubwa na Dubu Mdogo. Yanapita nyuma ya nyumba za watu, chini ya madaraja, katikati ya viwanja vya kuchezea, mpaka yanakutana huko huko Euless, kisha kijito kinashuka kikiwa kimoja kuelekea mto Trinity. Juu yake ndege zinashuka kwenda uwanjani, chini kabisa, unaweza kuhesabu madirisha. Wenyeji wamekitengenezea njia ya saruji kandokando, wanakimbia humo, wanaendesha baiskeli, wanatembeza mbwa waliovaa vizuri kuliko mimi.

Pasta Zakaria na waumini walikuwa wametungoja chini ya kivuli cha daraja la tawi la Dubu Mkubwa, wamevaa nyeupe tupu, wanaimba, ngoma moja na kayamba. Walipotuona wakapaza sauti. Mama Neema akashuka garini kwa madaha kama malkia, akasogea ukingoni, akatazama chini.

Mawe. Mawe na mchanga na kidimbwi kimoja cha kuoshea miguu, ndani yake kiatu cha mtu.

Wimbo ukafa, sauti moja moja. Pasta Zakaria, mwanamume mrefu mwenye tai nyekundu, akafungua mikono.

“Mwezi wa ine nilikuja hapa mwenyewe,” akasema. “Mayi ilinifika kwa kiuno! Nikapima na fimbo!”

“Na kisha hukurudi kuangalia?” nikamuuliza.

“Kurudi juu ya nini, Mama Salma? Mto ni mto.”

Nikamtazama, nikaona hanitanii. Na wale wengine wote walikuwa wanatikisa vichwa kumuunga mkono. Kwao mito inashuka kutoka milimani, masika na kiangazi inaunguruma vilevile. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mto unaweza kufunga duka ukaenda likizo. Mimi wa Tanga naijua mito ya kukauka, lakini hakuna aliyeniuliza.

Pasta akashauri turudi ukumbini, beseni lipo, maji ya bomba yapo. Mama Neema akakaa juu ya sanduku lake la barafu.

“Mimi siingie beseni.”

“Mama Neema,” nikamwambia, “maji ukiyavulia nguo yaoge.”

“Nguo nimevua! Mayi yenyewe njo haiko!”

Wakacheka, hata Pasta. Lakini Mama Neema hakucheka. Akasema polepole, “Kama haiko mayi, haiko ubatizo. Kama haiko ubatizo, haiko ndoa. Muwaambie wageni wapande ndege yao.”

Ndugu wa Iowa wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema wazi kwamba mwanamke anayeshindana na mchungaji kabla ya ndoa, akishaolewa atashindana na nani. Hapo ndipo Papa Elia, aliyekuwa nyuma kabisa amevaa sare na mabuti ya ghalani maana alitoka zamu moja kwa moja, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

“Basi tutangoja mvua,” akasema.

“Mvua ya Texas? Mpaka lini?” ndugu yake akamuuliza.

“Mpaka inyeshe.”

Mama Neema alimtazama yule mwanamume kwa muda, halafu akainuka, akajikung'uta gauni. “Pasta,” akasema, “mayi haikufa. Imejificha. Twende tuitafute.”

Bwawa la bata: msichana wa miaka kumi na tano

Kwanza tulipanda magari kwenda juu kidogo, kwenye bustani yenye bwawa. Lo, maji yapo! Mengi, ya kijani, bata wanaelea, watu wanapiga makasia kwenye vimashua vya plastiki vya rangi rangi, na watoto wanarusha ndoana. Pasta Zakaria akaanza kuvua viatu huku anamshukuru Mungu. Mama Neema akasema ngoja. Akachukua andazi, akamega kipande, akakirusha majini.

Sote tukasimama kukitazama kile kipande. Kikakaa. Kikakaa tena. Mwishowe kobe akatoa kichwa, akakimeza, akarudi chini.

“Haitembei,” akasema Mama Neema.

“Inatembea polepole!” Pasta akalia.

“Aliyetembea ni kobe, Pasta. Zambi zangu zibaki hapa hawa watoto wazivue na ndoana?”

Karibu yetu kulikuwa na familia ya Kimeksiko inachoma nyama, muziki juu, sanamu ya karatasi yenye peremende ndani imetundikwa mtini. Mama mmoja akatujia na sahani ya mahindi ya kuchoma, anatabasamu, akanionyesha kundi letu la watu waliovaa nyeupe pee, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na cha kwangu kama hicho: nani kati yenu anatimiza miaka kumi na tano? Kwao binti akifika umri huo wanamvika gauni kama bibi harusi na kumfanyia sherehe. Nikamtafsiria Mama Neema.

“Mwambie ni mimi,” akasema.

Nikamwambia. Yule mama akamwangalia Mama Neema kuanzia kilemba mpaka chini, akapasuka kucheka, akamkumbatia, akawaita wenzake, wakamwimbia. Tukala mahindi yao yenye pilipili na limao na jibini juu, sikuwahi kula mahindi ya namna ile. Wao wakala mandazi yetu. Ndipo mume wake akatuambia kama tunataka maji yanayokwenda tusikae huku juu, tushuke, tupite pale matawi mawili yanapokutana. Huko, akasema, huwa hayakauki.

Kufuata kijito: habari za dubu

Magari hayapiti kando ya kijito, ni mguu tu. Basi tukajipanga kwenye ile njia ya saruji, Pasta mbele, mimi na bibi harusi katikati, sanduku la barafu limebebwa na Papa Elia begani kama anavyobeba mizigo ya ghalani. Waendesha baiskeli wakipiga kengele nyuma yetu, nasi tunapisha huku tunaimba. Mbwa mmoja mdogo alitufuata mpaka bibi mwenye mbwa akaja kumbeba.

Njiani kuna kibao chenye maelezo ya kijito. Mama Neema akataka nimsomee. Nikafanya kosa, nikasoma kwamba zamani dubu walikuwa wanakuja kunywa hapa.

“Dubu ni nini?”

Pasta akamweleza kwa Kifaransa cha kwao, ours, mnyama mkubwa mwenye manyoya, akikasirika anasimama kwa miguu miwili. Msafara ukasimama. Mama mmoja akaokota jiwe. Mwingine akauliza kwa nini Pasta anawapeleka watu kubatizwa nyumbani kwa mnyama.

Nikamkimbilia yule bibi wa mbwa, nikamuuliza. Akacheka sana. Akasema hapa dubu hawajaonekana tangu kabla nyanya yake hajazaliwa, na tena yeye haamini hadithi ya kibao. Aliambiwa jina lilitokana na dubu mmoja tu, tena mgonjwa, aliyeuawa na wapimaji wa ardhi. Mwanamume wa baiskeli akasimama naye, akasema la, Dubu ni jina la ukoo wa watu waliokuwa na shamba. Wakaanza kubishana wao kwa wao, wenyeji wawili, nasi tumesimama juani kama mashahidi.

“Kwa hiyo dubu haiko,” Mama Neema akataka nimhakikishie.

“Hayupo.”

“Sasa wanashikilia jina la nini?”

Nikamwambia kwetu Tanga kuna mitaa inaitwa Ngamiani, nimekua hapo, na ngamia sijamwona hata wa picha. Majina ni kama wapangaji, anayehama anaacha vitu vyake. Akafikiri, akasema kwao pia kuna mahali panaitwa kwa jina la mfalme ambaye hakuna anayemjua. Yule mama akatupa jiwe lake, tukaendelea.

Shimo la Hattie

Tuliyasikia maji kabla hatujayaona. Wallahi nywele zilinisimama. Pale Dubu Mkubwa na Dubu Mdogo wanapokutana, kila mmoja amebakiwa na mkondo wake mwembamba, wakishaungana wanapata nguvu, wanapita juu ya mwamba mpana, wanaanguka kwenye shimo la maji marefu lenye kivuli, halafu maji yanatoka upande wa pili, yanapinda kona na kwenda zake. Mama Neema alimega andazi kwa haraka hata likadondoka lote. Likazunguka shimoni mara moja, likashika njia, likapita kona likapotea.

“Inatembea!” Tukapiga kelele kama timu imefunga goli.

“Nyamazeni!” sauti ikatujibu kwa Kiingereza.

Ukingoni, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mzee mweusi wa hapa hapa Texas, kofia ya majani, redio ndogo, ndoo, na fimbo zake mbili za kuvulia zimeelekezwa mle mle shimoni. Nikamwendea kwa adabu zote, nikamsalimia, nikamweleza. Akanisikiliza bila kunitazama.

“Nimekaa hapa tangu asubuhi,” akasema. “Kambale ndiyo kwanza ameanza kugusa chambo. Mkaniingizie watu humo? Hapana, mama. Rudini kesho.”

“Kesho ndiyo harusi.”

“Basi hongereni.”

Pasta Zakaria akaninong'oneza kwamba hii ni ishara, tukubali beseni. Ndugu wa Iowa wakaanza kutazama saa. Nilihisi kulia, nakwambieni kweli, nilihisi kulia kuliko hata mwenyewe. Safari yote ile, kipoza hewa kimekufa, dubu amekufa, maji yapo mbele ya macho yetu, na mtu mmoja na kambale wake amekalia ufunguo. Nikageuka nimwambie Mama Neema tuondoke. Hayupo.

Yuko wapi? Kamchukua Papa Elia na sanduku la barafu, kalitua kando ya kiti cha yule mzee, kakaa juu yake, na anapakua. Bugali, sombe, ndagala juu. Akamshikisha sahani.

“Papa, kula. Utangoja samaki na njaa?”

Mzee hakuelewa neno lakini sahani alielewa. Akanusa. Akatia kidole kwenye sombe, akaonja, akaonja tena. Akaniuliza ni majani gani. Nikamwambia majani ya muhogo, yametwangwa, yamepikwa na karanga na mawese. Akasema bibi yake alikuwa anapika majani mengine kabisa, lakini yakitoka jikoni yalinukia hivi. Kisha akala, na sisi wote tukasimama tunamwangalia anavyokula, hakuna aliyethubutu kuimba.

“Mnajua mahali hapa panaitwaje?” akauliza akiwa amefika nusu.

“Kijito cha Dubu,” nikasema, na moyoni nikasema Mola wangu, usituletee toleo la nne.

“Hiyo ni ya kibao. Sisi watu wa upande huu tulipaita Shimo la Hattie.” Akafuta mdomo. Hattie, akasema, alikuwa shangazi wa bibi yake. Zamani hizo watu weusi wa hapa hawakuwa na kanisa lenye kisima cha ubatizo, walikuwa na kijito hiki. Siku ya Hattie walimzamisha, akaibuka akipiga mayowe, wote wakadhani ameshukiwa na Roho. Kumbe kambale ameingia ndani ya gauni. Mzee akacheka mpaka sahani ikatikisika. “Mama yangu naye alibatizwa hapo, juu ya jiwe lile. Mimi walinibatiza mjini, ndani ya tangi.”

Nikamtafsiria Mama Neema. Akaniambia, “Muulize, tangi ilikuwa inatembea?”

Nikamuuliza. Mzee akamtazama huyu mama aliyevaa nyeupe pee, aliyekalia sanduku la barafu, akaona haulizi kwa mzaha. Akasema haikutembea. Akaweka sahani chini, akaanza kukunja nyuzi zake moja baada ya nyingine. Alipomaliza akamwonyesha Pasta pa kukanyaga: jiwe la kushoto ni imara, la kulia linateleza, katikati usipite, hakuna chini. Kisha akaniuliza kama ile sombe ipo tena.

Basi ngoma ikalia. Pasta Zakaria akaingia na tai yake, maji yakamfika kifuani. Mama Neema akateremka akiwa ameshika mkono wa Papa Elia mpaka ukingoni, hapo akauachia. Akaingia, akapiga ukelele wa baridi, akacheka, akaendelea. Nilimwona akiweka miguu juu ya jiwe la kushoto.

“Mama Neema, unaamini?”

“Ninaamini!”

Akazama mzima, hata kilemba. Kwa kitambo hakuna kitu juu ya maji ila duara zinapanuka. Halafu akaibuka! Mimi Mwislamu wa Tanga, mtandio umelowa jasho, nilipiga vigelegele hata ile ndege iliyokuwa inapita juu sikuisikia. Wamama wanacheza kwenye mawe, ndugu wa Iowa aliyesema maneno yake anafuta macho kwa shati, mzee wa kambale kavua kofia.

Pasta akamshika mkono amtoe. Mama Neema hakusogea. Amegeuka, amewapa kisogo watu wote, anatazama maji yanakoelekea.

“Mama, twende,” Pasta akasema. “Tumemaliza.”

“Ngojeni kwanza. Ninaziangalia zinaenda.”

Tukangoja. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Sijui aliona nini kinapita pale; mimi nilimjua kwa ukuta mmoja, nilijua usiku anaota anaita majina ya watu ambao hakuwahi kunisimulia. Alisimama akitazama mpaka bega lake likashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

“Zimepita kona,” akasema. Kisha akageuka, uso unang'aa. “Papa Elia! Ingia.”

“Mama Neema, ndoa ni kesho,” Pasta akamwambia. “Ukumbi, keki, gauni...”

“Keki tutakula kesho. Gauni nitavaa kesho. Lakini mimi leo niko safi, Pasta. Kesho nitakuwa nimeshatenda zingine. Mama Salma ananiudhi sana ndani ya gari.”

Pasta Zakaria akatutazama sisi ukingoni. Hakuna aliyemsaidia. Papa Elia alikuwa ameinama anafungua kamba za mabuti, ya kwanza ikamshinda, akaachana nayo, akaingia na mabuti yake, na sare yake ya ghalani, na simu mfukoni. Akapita jiwe la kushoto akasimama kando yake. Kitabu kilikuwa kwenye begi huku juu, kwa hiyo Pasta akafungisha ndoa kwa kichwa, maji yanawapita wote watatu. Akamuuliza Mama Neema, naye akajibu ndiyo kwa sauti ya kumwamsha Hattie mwenyewe. Akamgeukia bwana harusi.

“Na wewe Elia, unakubali kuwa mume wake, katika raha...”

Neno shida Pasta alikuwa hajalifikia bado. Papa Elia akasema ndiyo.